Safari ya kukodi kwenda kituo cha anga: nani mwenye gari, nani mwenye nyumba

Tarehe 8 Aprili 2022, saa kumi na mbili na dakika 17 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, roketi ya Falcon 9 iliruka kutoka Kituo cha Anga cha Kennedy, Florida, ikiwa na watu wanne ambao hakuna hata mmoja wao aliyetumwa na shirika la anga la serikali yake. Kiongozi wa msafara alikuwa Michael López-Alegría, mwanaanga mstaafu wa NASA, shirika la anga la Marekani, aliyekwisha kuruka mara nne. Larry Connor, mfanyabiashara wa Marekani, alikuwa rubani, na waliobaki walikuwa Mark Pathy wa Kanada na Eytan Stibbe wa Israeli. Siku iliyofuata chombo chao kilitia gati kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, na msafara huo, ulioitwa Ax-1, ukawa wa kwanza wa watu binafsi watupu kufika kituoni humo kwa chombo cha kampuni. Nauli iliyotangazwa ilikuwa dola milioni 55 kwa kila mmoja wa wageni watatu.

Ilikuwa rahisi kusema siku ile kwamba anga za juu zimebinafsishwa. Kwa sisi tuliokua tukisikia habari za mashirika ya umma kubinafsishwa, neno hilo lina maana moja inayoeleweka: mali ya serikali inauzwa, mwenye fedha anakabidhiwa funguo, na serikali inabaki kukusanya kodi. Katika safari ya Ax-1 hakuna kilichouzwa kwa namna hiyo. Kilichofanyika kinafanana zaidi na ukoo wa Dar es Salaam unaokwenda harusini Tanga. Ndugu mmoja anajitolea kuwa mratibu. Anachangisha fedha, anapanga siku na kukodi Coaster. Gari si lake, na mwenye gari analitoa pamoja na dereva na fundi wake. Kule Tanga wageni watalala katika nyumba ya urithi, ambayo warithi wake ni watano, kila mmoja na vyumba vyake, na aliyekubali kuwapokea ni mmoja tu kati ya hao watano.

Mratibu wetu ni kampuni ya Axiom Space ya Houston, iliyoanzishwa mwaka 2016 na Kam Ghaffarian pamoja na Michael Suffredini, ambaye kabla ya hapo alikuwa meneja wa mradi wa kituo ndani ya NASA. Mwenye gari ni SpaceX: roketi ni yake, chombo cha Dragon ni chake, na chumba cha kuongozea safari kilichopo Hawthorne, California, ni chake pia. Warithi watano ni mashirika ya anga ya Marekani, Urusi, Ulaya, Japani na Kanada, yanayosimama kwa niaba ya mataifa 15 yaliyotia saini makubaliano ya mwaka 1998. NASA ndiyo iliyofungua mlango.

Swali la kwanza la kujiuliza ni kwa nini mwenye gari aliruhusiwa kulikodisha, kwa kuwa zamani jambo hilo lisingewezekana. Kwa miongo mingi NASA iliagiza vyombo vyake kwa mikataba iliyolipa gharama zote za mjenzi na kuongeza faida juu yake, na kilichojengwa kikawa mali ya serikali. Vyombo vya shuttle vilipostaafishwa Julai 2011, Marekani ilikaa karibu miaka tisa bila chombo chake cha kupeleka watu angani, ikawa inanunua viti katika Soyuz ya Urusi kwa bei iliyopanda hadi takriban dola milioni 90 kwa kiti. Mwaka 2014 iliingia mikataba ya aina nyingine na kampuni mbili, Boeing kwa dola bilioni 4.2 na SpaceX kwa dola bilioni 2.6. Bei ilifungwa tangu mwanzo, kampuni ikabaki na umiliki wa chombo, na NASA ikawa mteja anayenunua safari. Dragon ilipowapeleka wanaanga wawili wa NASA kituoni Mei 2020, SpaceX ilikuwa na gari ambalo sehemu kubwa ya gharama za kulisanifu zililipwa na walipa kodi wa Marekani, na ambalo ilikuwa huru kulikodisha kwa yeyote. Kifungu hicho cha umiliki, kwa maoni yangu, kina uzito kuliko sherehe zote za uwanjani. Bila hicho Axiom isingekuwa na cha kukodi.

Wageni wa kulipa wenyewe hawakuwa wapya. Warusi waliwapokea kabla ya wote: Dennis Tito, Mmarekani, alipanda Soyuz Aprili 2001 kwa takriban dola milioni 20 huku NASA ikipinga waziwazi, na mwaka mmoja baadaye akafuata Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, raia wa kwanza wa nchi ya Afrika huru kwenda angani kwa fedha yake. López-Alegría mwenyewe, alipokwenda kuongoza kituo Septemba 2006, alisafiri katika Soyuz moja na Anousheh Ansari, aliyekuwa amelipia kiti chake. Lakini wote hao walikaa katika kiti kimoja cha ziada, pembeni ya wanaanga wawili waliokuwa kazini. Ax-1 ilikodi gari zima.

NASA ilibadili msimamo Juni 2019, ilipotangaza kwamba itapokea hadi misafara miwili ya watu binafsi kwa mwaka. Bei ya kwanza iliyovuma ilikuwa dola 35,000 kwa mtu kwa usiku mmoja, na wengi waliichukua kama bei ya hoteli. Haikudumu. Mwaka 2021 orodha mpya ilitolewa: dola milioni 5.2 kwa kila msafara ili kulipia muda wa wanaanga wa kituoni watakaowahudumia wageni, dola milioni 4.8 kwa kazi ya kupanga na kuoanisha msafara na shughuli za kituo, na dola 2,000 kwa siku kwa chakula cha mtu mmoja. Bei hizo zilihusu misafara iliyokuja baadaye. Ax-1 ilikuwa na makubaliano yake, na hapo ndipo hesabu inapoanza kumshangaza msomaji. Katika agizo la msafara huo NASA ndiyo iliyokubali kuilipa Axiom dola milioni 1.69, mbali na makubaliano mengine kati yao, kwa sababu NASA nayo ilikuwa ikinunua huduma kwa mgeni wake, ikiwamo nafasi ndani ya Dragon ya kurudisha duniani sampuli za kisayansi zinazopaswa kubaki kwenye baridi kali. Mwenye nyumba aliwapa wageni kifurushi wakipita.

Kubadilishana huku kuna mfano wa ajabu zaidi. Mwaka 2021 NASA ilihitaji kiti katika Soyuz kwa ajili ya mwanaanga wake Mark Vande Hei. Kiti hicho kilinunuliwa na Axiom kutoka kwa Warusi, ikakiachia NASA, na NASA ikailipa kwa kiti katika safari yake ya baadaye. Aliyekuja kukikalia kiti hicho Machi 2023 alikuwa Sultan AlNeyadi wa Umoja wa Falme za Kiarabu, aliyeishi kituoni karibu miezi sita. Yaani kampuni binafsi ilikuwa dalali kati ya serikali tatu, na hakuna roketi hata moja iliyokuwa yake.

Safari yenyewe inahitaji maelezo, kwa kuwa inakwenda kinyume na mazoea yetu ya barabarani. Kituo kinaizunguka dunia kwa urefu wa takriban kilomita 400, kwa mwendo wa karibu kilomita 28,000 kwa saa, na kila mzunguko huchukua kama dakika 90. Falcon 9 huliacha Dragon angani dakika zipatazo 12 tu baada ya kuruka, ilhali Ax-1 ilichukua zaidi ya saa 20 kufika. Muda huo wote ulikuwa wa kufukuzana. Barabarani, anayetaka kumfikia aliye mbele hukanyaga mafuta. Angani, chombo kikiwasha injini kujisukuma mbele, njia yake hupanda juu, duara lake huwa kubwa zaidi, na kwa kuwa kilicho juu zaidi huzunguka polepole zaidi, kinajikuta kimeachwa nyuma. Anayefukuza hulazimika kubaki chini, ambako mzunguko ni mfupi na wa kasi, apunguze pengo kwa subira, kisha apande hatua kwa hatua hadi akutane na kituo katika urefu mmoja. Dragon hufanya hesabu hizi yenyewe, kwa injini ndogo 16 zinazofyatuka kwa mpigo mfupi mfupi. Aliyeitwa rubani alikuwa na kazi ya kukagua skrini na kuwa tayari kushika usukani endapo kompyuta zingekosea.

Karibu na kituo, mamlaka hubadilika. Mwendo wa kusogea unaamriwa kwa pamoja na Hawthorne, yaani SpaceX, na Houston, waliko waongozaji wa kituo wa NASA, na Dragon hulazimika kusimama katika vituo vya ukaguzi mpaka kila upande useme inaruhusiwa. Kituo cha mwisho ni mita 20 kutoka gatini. Hapo ndipo Ax-1 ilipokwama. Picha za video kutoka Dragon, ambazo wanaanga wa ndani ya kituo hutakiwa kuziona ili waweze kuamuru chombo kirudi nyuma kikienda vibaya, hazikuwafikia kwenye skrini zao. Chombo kilikuwa kizima, abiria walikuwa salama, na lango lilikuwa umbali wa basi mbili zilizopangwa mstari. Lakini sharti ni sharti, na wageni waliolipa mamilioni wakabaki wakining'inia mbele ya mlango kwa kama dakika 45, hadi mafundi wa ardhini walipopata njia nyingine ya kuipitisha picha. Chombo kiligusa gati saa tisa na dakika 29 alasiri kwa saa zetu. Kadiri ninavyoielewa safari hii, dakika hizo 45 zinaonyesha vizuri kuliko mkataba wowote ni nani mwenye neno la mwisho.

Ndani walikuwamo watu saba. Sasa wakawa 11. Wageni wa Ax-1 hawakupenda kuitwa watalii, na walikuwa na hoja: walijifunza kwa mamia ya saa na walibeba majaribio zaidi ya 25. Lakini ratiba yao ilipangwa kana kwamba ni wenyeji. Katika hali ya kutokuwa na uzito hata kutafuta kalamu uliyoiacha hewani ni kazi. Damu hupanda kichwani, tumbo huchafuka, na mtu mgeni huhitaji siku kadhaa kabla hajajua kusimama mahali pamoja. Kazi zilichelewa, wenyeji wakawa wanatumia muda mwingi kuwasaidia kuliko ilivyokusudiwa, na baadaye López-Alegría mwenyewe alikiri kuwa ratiba ilikuwa ya haraka mno. Baraza la washauri wa usalama la NASA nalo lililitaja jambo hilo. Matokeo yake yalikuwa kanuni mpya, ikiwamo ile iliyodai kwamba kiongozi wa kila msafara binafsi awe mwanaanga wa zamani wa NASA aliyekwisha kuruka. Biashara ilipewa uhuru zaidi, na papo hapo ikafungwa kwa kamba fupi zaidi.

Kisha likaja suala la maegesho. Upande wa Marekani una gati mbili tu zinazofaa kwa vyombo vya aina hii. Moja ilikuwa imeshikwa na Dragon ya wanaanga wa NASA waliokuwa zamu, ya pili na Ax-1. Msafara uliopangwa kwa siku 10, nane kati yake kituoni, uliongezeka hadi siku 17 kwa sababu hali ya hewa baharini, kwenye eneo la kutua, ilikataa siku baada ya siku, na wakati huo wote msafara uliofuata wa NASA ulikuwa Florida ukingoja nafasi. Ax-1 ilitua katika Atlantiki karibu na Jacksonville tarehe 25 Aprili. Waliokuwa wakingoja waliruka tarehe 27. Nani alilipia siku za ziada? Hakuna aliyedaiwa, kwa kuwa mkataba ulikwisha kutamka kwamba kuchelewa kuondoka hakutaleta malipo mapya. Wanaopiga hesabu ya nauli kwa siku wanalazimika kuigawanya upya.

Sheria ndiyo sehemu iliyofungamana kuliko zote. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unasema kwamba taifa linawajibika kwa shughuli za angani za raia na kampuni zake sawasawa na za serikali yenyewe, na kwamba lazima lizipe kibali na kuziangalia wakati wote. Mkataba wa mwaka 1972 unaongeza kwamba taifa lililorusha chombo hulipa fidia kwa madhara yatakayotokea ardhini bila kuhitaji kuthibitishwa kuwa lilizembea. Jambo hili si la nadharia tupu. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha kama mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, na Shirika la Anga la Kenya likaeleza kuwa ni kipande cha roketi. Miezi minane kabla yake, mkulima wa Saskatchewan, Kanada, alikuta shambani kwake vipande vilivyoungua vilivyotambuliwa kuwa vya sehemu ya nyuma ya Dragon iliyobeba msafara wa tatu wa Axiom. Sehemu hiyo ilikuwa ikiachwa angani kabla ya kutua na kutarajiwa kuungua yote. SpaceX iliamua baadaye kuhamishia kutua upande wa Pasifiki, ili sehemu hiyo ielekezwe baharini. Ndiyo maana msafara wa nne, uliorudi Julai 2025, ulitua karibu na San Diego.

Ndani ya kituo, kila chumba kiko chini ya sheria ya aliyekisajili. Mgeni akielea kutoka chumba cha Harmony kuingia cha Columbus ametoka Marekani na kuingia Ulaya. Akiingia Kibo yuko Japani. Na hakuna afisa wa kumgongea muhuri. Kuhusu usalama wa abiria wenyewe, sheria ya Marekani ina jambo ambalo mtu huhitaji kulisoma mara mbili. Mamlaka ya usafiri wa anga, FAA, hutoa leseni ya kuruka na kurudi kwa kuwajali watu walio ardhini. Abiria hupewa maelezo ya hatari na kutia saini kwamba ameelewa, na miongoni mwa mambo anayotakiwa kuambiwa kwa maandishi ni kuwa serikali ya Marekani haijathibitisha kwamba chombo hicho ni salama kubeba watu. NASA, ambayo ni serikali hiyo hiyo, ilikwisha kuithibitisha Dragon kwa ajili ya wanaanga wake mwaka 2020. Bunge limezuia kanuni za usalama wa abiria wa angani tangu mwaka 2004, kwa hoja kwamba biashara ni changa, na zuio hilo limesogezwa tena hadi Januari 2028.

Na wateja? Baada ya Ax-1, sura zilibadilika. Msafara wa pili, Mei 2023, uliwabeba Rayyanah Barnawi na Ali AlQarni waliotumwa na Saudi Arabia. Barnawi akawa mwanamke wa kwanza wa Kisaudi angani, na wawili hao wakamkuta AlNeyadi kituoni. Msafara wa tatu ulikuwa na Mwitalia, Mturuki wa kwanza angani na Mswidi. Wa nne Mhindi, Mpolandi na Mhungaria. Matajiri walipungua, wakaingia wajumbe wa serikali zenye fedha lakini zisizo na chombo. Kwa hiyo safari tunayoiita ya kibiashara mara nyingi ni serikali moja inayokodi, kupitia kwa mratibu, gari lililosanifiwa kwa fedha za serikali nyingine, ili ifike katika nyumba ya serikali nyingi.

Mpangilio huu una mwisho uliokwisha pangwa. Kituo kinatarajiwa kufanya kazi hadi mwaka 2030, na Juni 2024 SpaceX ilipewa mkataba wa hadi dola milioni 843 wa kujenga chombo kitakachokisukuma kirudi na kuvunjikia baharini. Axiom, kwa upande wake, ina kibali cha kuunganisha kwenye kituo chumba chake yenyewe, ambacho baadaye kitajitenga na kuwa mwanzo wa kituo kingine kabisa. NASA imekwisha sema kwamba katika vituo hivyo vijavyo itakuwa mteja kama wengine. Ikifika hapo, orodha ya bei itaandikwa na upande wa pili, na NASA, iliyokuwa ikitoza dola 2,000 kwa chakula cha siku moja, itaanza kuletewa ankara.